Nilipasuliwa mara ya kwanza. Huyu wa pili nijaribu kawaida au nikubali tarehe?

Mamake Swabra, Mtongwe

Asalaam aleikum mama zangu na dada zangu.

Nina mimba ya pili, wiki ya 34. Swabra nilimzaa kwa kupasuliwa, naye sasa ana miaka mitatu na ushei. Wiki hii kliniki daktari amenipa mambo mawili nichague moja: anipangie siku ya kupasuliwa nikifika wiki ya 39, au ningoje uchungu unishike wenyewe nijaribu kuzaa kawaida. Akasema nikafikirie, nirudi Alhamisi ya wiki ijayo na jibu. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni, hata swali la maana sikuwahi kuuliza.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mavyaa amezaa saba, wote kwa mkunga wa mtaani, na ashaniambia waziwazi kwamba mara ya kwanza niliharakishwa. Mamangu hataki hata mazungumzo. Yeye ndiye aliyenipokea nikitolewa thieta nikitetemeka, na kwake tumbo lililoshonwa si la kujaribiwa. Bwanangu anafanya zamu bandarini, yeye husema, "Utakalo wewe ndilo." Namshukuru, lakini mzigo wote umebaki kichwani kwangu.

Nieleze ilivyokuwa, maana najua mtauliza. Uchungu ulinishika usiku, tukavuka feri ya Likoni alfajiri kuingia kisiwani Mombasa, nikafika hospitali njia imefunguka sentimita nne. Nikaenda vizuri mpaka sita, kisha nikakwama hapo. Wakaniwekea dripu ya kuongeza uchungu. Baadaye sista akasikiliza moyo wa mtoto, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita daktari, na kufumba na kufumbua nimepewa karatasi nitie sahihi. Hakuna aliyekaa kitako kunieleza. Aliyenibadilisha bandeji alisema nyonga yangu ndogo. Mwengine siku ya kutoka akasema mtoto alichoka. Swabra alikuwa na kilo 3.1, akalia papo hapo, alhamdulillahi. Lakini kidonda changu kilitoa usaha, na arobaini yangu yote sikukandwa, sikufungwa tumbo, hata mtoto waliniogeshea watu.

Mimi na bwanangu twataka watoto wanne Mungu akijalia. Na roho yangu, nasema kweli, yataka kuzaa kawaida. Ila nikiwaza lile kovu lipasuke na mimi niko katikati ya maji pale Likoni, usingizi wote waniruka. Waliopitia na wanaoijua kazi hii, naomba mnisaidie.

Umm Rayyan, Bamburi

Waaleikum salaam dadangu. Mimi nilichagua tarehe na sijutii hata kidogo, nami niseme upande huu kwa sababu watu wengi huuzungumza kama kwamba ni uvivu.

Mara ya kwanza nilipasuliwa kwa dharura, usiku, nimechoka, nimeshinda na uchungu tangu asubuhi. Mara ya pili niliingia kwa miguu yangu, nimeoga, sikula tangu usiku kama nilivyoambiwa. Nikachomwa sindano ya mgongo, nikawa macho, nikamsikia mwanangu analia na baba yake akamwadhinia kabla hata sijatoka kwenye chumba cha kuamkia. Kidonda kilipona upesi kuliko cha kwanza, kwa sababu mwili haukuwa umechoka. Jioni ya siku ya pili nilikuwa natembea ukumbini nikiishika ile chuma ya dripu.

Maumivu yapo, nisikudanganye. Kucheka na kukohoa ni mtihani. Lakini mimi nilijua mapema kwamba nataka wawili tu. Wewe wataka wanne, na hapo hesabu yako si yangu. Muulize daktari habari ya upasuaji wa tatu na wa nne kabla hujaamua huu wa pili.

Mama Kongowea

Shoga usiwaogope madaktari. Mimi wa kwanza nilipasuliwa kwa kuwa alitanguliza matako, wa pili nikazaa kawaida na wa tatu vilevile. Siri yangu: wiki ya 38 nilikunywa mafuta ya nyonyo na chai ya mdalasini kali. Uchungu ulikuja usiku ule ule. Usingoje wakuwekee tarehe.

Mkunga Mstaafu, Tudor

Mwanangu Mamake Swabra, nimekaa leba miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimewaona wa njia zote mbili wakitoka na watoto wao mikononi. Nitaandika kirefu, unisamehe.

Kwanza, hilo la mafuta ya nyonyo alilolisema mwenzetu. Namfurahia kwa watoto wake, lakini wewe usiliguse. Nyonyo huchafua tumbo, huleta kuhara na kutapika, na uchungu ukija hakuna anayeweza kuupunguza. Mwenye kovu hatakiwi kusukumwa na kitu kisichopimika. Vivyo hivyo dawa za mitishamba za kuongeza uchungu, na vile vidonge vya kuanzisha uchungu, misoprostoli, ambavyo watu huuziana vichochoroni: kwa mfuko wa uzazi uliowahi kupasuliwa, mimba ikiwa imekomaa, hivyo ni hatari kabisa.

Sasa la msingi. Watu wanabishana kawaida au upasuaji kana kwamba wanawake wote waliopasuliwa ni mamoja. Si mamoja. Kabla hujachagua, lazima ujue ulikatwa vipi ndani na kwa nini. Kovu la nje halikwambii kitu. Mtu aweza kuwa na mstari mzuri wa upana chini ya kitovu, na ndani mfuko umekatwa wima. Tafuta ile karatasi uliyopewa siku ya kutoka. Ukiona herufi LSCS, mkato wa ndani ulipita sehemu ya chini ya mfuko, kwa upana, na huo ndio unaoruhusu kujaribu. Kama mkato ulikuwa wima na kupanda juu, usijaribu, chukua tarehe. Ukiona CPD, walidhani kichwa cha mtoto hakikulingana na nyonga. Kama wameandika habari ya moyo wa mtoto, basi ni jambo jengine, huenda lisirudi tena.

Ule msemo kwamba ukipasuliwa mara moja utapasuliwa daima umepita umri wa miaka mia. Aliuandika daktari wa New York, Edwin Cragin, mwaka 1916, zama ambazo mfuko ulikatwa wima. Katika miaka ya 1920 daktari wa Glasgow, John Munro Kerr, ndiye aliyewahimiza wenziwe wakate chini kwa upana, mahali ambapo nyama ni nyembamba, haivuji damu sana na haivutwi kwa nguvu wakati wa uchungu. Kovu limebadilika, lakini msemo umebaki vilevile.

Hesabu nitakupa za mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza wa mwaka 2015. Kati ya wanawake 100 waliopasuliwa mara moja na wakajaribu kawaida, 72 hadi 75 hufanikiwa. Aliyewahi kuzaa kawaida hata mara moja, hufika 85 hadi 90. Kovu kufunguka, uchungu ukija wenyewe, ni kama mmoja kati ya 200. Ukianzishiwa uchungu kwa dawa, au ukaongezewa kwa dripu, hatari hiyo huzidi mara mbili hadi tatu. Elewa pia hesabu hizi zimetoka kwenye hospitali ambako mama husikilizwa mfululizo na thieta iko tayari. Ukizaa mahali ambapo mtu wa nusu kaputi yuko nyumbani usiku, basi huwezi kuzitegemea.

Hapo ndipo naja kwenye feri. Kovu likianza kufunguka, dakika ndizo zinazookoa mtoto. Mara nyingi dalili ya kwanza ni moyo wa mtoto kubadilika, na wewe mwenyewe hutaijua bila mtu wa kusikiliza. Nyengine ni maumivu yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwengine, maumivu makali pale kwenye kovu au begani, damu kutoka, au uchungu uliokuwa mzuri kukatika ghafla. Mwanamke wa Mtongwe anayetaka kujaribu asingoje uchungu akiwa Mtongwe. Usiku feri huwa chache na foleni hujui itakuwaje. Barabara ya Dongo Kundu hutoa mtu upande wa kusini hadi Miritini bila maji, lakini ni mzunguko, na gari lazima liwepo. Una jamaa kisiwani? Nenda ukae kwao.

Na kuhusu watoto wanne, Umm Rayyan amesema la maana. Upasuaji wa pili uliopangwa, kwa mama mwenye afya, ni salama sana. Ukija kulipa utalipa mbele. Kila kovu linaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kukaa chini juu ya mshono na kuingia ndani ya nyama ya mfuko. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006: kwa wale ambao kondo limeziba njia, lilikuwa limeshikamana hivyo kwa 11 katika 100 kwenye upasuaji wa pili, 40 kwenye wa tatu, na 61 kwenye wa nne. Asiye na kondo la chini hatari yake ni ndogo mno, lakini huchagui kondo likae wapi. Hali hiyo ikitokea, mama humwaga damu nyingi na mara nyingi mfuko huondolewa. Kwa anayetaka wawili hili ni jambo la pembeni. Wewe uliweke mezani.

Upande wa pili pia nikwambie bila kuficha: hali mbaya kuliko zote mbili ni kujaribu, ukakwama, ukapasuliwa kwa dharura. Hapo damu hutoka zaidi na usaha wa kidonda huwa mwingi kuliko upasuaji uliopangwa. Kwa hiyo kujaribu kuna maana ukiwa na nafasi nzuri ya kufanikiwa.

Leta karatasi, mwanangu. Na uniambie skani ilisema kondo liko wapi.

Salma, Kisauni

Mimi ndiye yule wa "ukakwama". Nilijaribu, nikafika sentimita nane, moyo wa mtoto ukaanza kushuka, wakanikimbiza. Mwanangu yuko darasa la pili sasa. Nilikuwa kwenye hospitali yenye thieta ghorofa hiyohiyo, na sista mmoja hakunitoka kitandani tangu nilipolazwa, ndiyo maana nasimulia leo. Nilikaa hospitali zaidi ya wenzangu na nilihuzunika kwa muda, watu wakiniuliza "kwani wewe huwezi kusukuma?" Wasikuulize hivyo. Mwenye kupasuliwa amezaa.

Nikipewa tena nafasi ile na hali ile, nitajaribu tena. Lakini sitajaribu mahali ambapo sista mmoja ana kina mama kumi.

Babake Hamadi, Changamwe

Shemeji, mimi sina la kusema kuhusu uchungu, nina la pesa. SHA, bima ya afya ya serikali, hulipa hospitali shilingi 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya binafsi tuliyouliza sisi ilitaka laki na zaidi kwa upasuaji, yaani tofauti yote ni ya mfukoni. Hakikisha umesajiliwa na michango yenu haijakatika, muende na bwanako mkaangalie kabla ya wiki ya 37, si siku ya uchungu. Na hata mkiamua kawaida, wekeni pesa za upasuaji. Na tafuteni watu wawili watatu wa kutoa damu. Kituo cha damu cha kanda kiko hapahapa mjini, na damu haikosi mwenye kuihitaji.

Mamake Swabra, Mtongwe

Mama zangu, nimelia nikisoma, na si kwa huzuni.

Karatasi nimeipata ndani ya kitabu cha kliniki cha Swabra, imekunjwa nyuma ya kadi ya chanjo. Imeandikwa LSCS. Sababu wameandika moyo wa mtoto kushuka. CPD haimo kabisa. Basi miaka yote hii nimetembea nikiamini nyonga yangu haina njia, na mamangu ameamini hivyo, kwa neno la mtu mmoja aliyekuwa akibadilisha bandeji! Nimemsomea mamangu akanyamaza kimya, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wewe u mzima?"

Skani ya mwezi wa tano yasema kondo liko juu, upande wa nyuma. Presha yangu ni nzuri, sukari hamna. Shangazi yangu yuko Majengo, kule kisiwani, nyumba yake si mbali na hospitali ya Makadara hata kwa tuktuk, na ameshasema chumba kipo.

Nina maswali mawili kwa Bi Mkunga. Uchungu usipokuja nifanyeje? Na ile dripu waliyoniwekea mara ya kwanza, wakitaka kuniwekea tena nikatae?

Mkunga Mstaafu, Tudor

Alhamdulillahi. Kovu la chini, sababu isiyotokana na nyonga, miaka mitatu imepita tangu uzazi wa kwanza, kondo liko mbali na mshono. Muda nao una maana yake: watoto wakipishana chini ya mwaka mmoja na nusu, kovu huwa halijakomaa vizuri. Wewe huko ushapita. Ulikwama kwenye sita, hilo nalo daktari atalipima, lakini ulifika sita kwa nguvu zako mwenyewe. Mimi ningekuwa sista wako ningekwambia una haki ya kujaribu.

Uchungu usipokuja: hadi wiki ya 40 hakuna haraka. Ikifika 41 zungumza na daktari. Hapo mwaweza kupanga upasuaji, au akakuanzishia kwa mpira wa katheta unaowekwa kwenye mlango wa uzazi, ambao hautumii dawa na ni mpole zaidi kwa kovu. Vidonge hapana. Na ukiamua tarehe ya upasuaji, isiwe kabla ya wiki ya 39 bila sababu ya ugonjwa, kwa sababu watoto wanaotolewa mapema bila uchungu hupata shida ya kupumua. Hata ukishika tarehe, uchungu ukitangulia siku tatu kabla, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Dripu: usiseme "sitaki" tu. Uliza ni nani aliyeamua, je daktari mkubwa wa uzazi anajua, na moyo wa mtoto utasikilizwa na mashine mfululizo? Wakati mwengine dripu ndogo, chini ya macho ya daktari, hufaa. Inayoua ni ile ya kufunguliwa na mtu akaenda kunywa chai. Kama njia haisogei na wanataka kuzidisha dripu saa baada ya saa, mimi ningependa uende thieta mapema, ungali na nguvu.

Wasiokubali kujaribu wapo pia, hata kwa hali nzuri kama yako, kwa sababu hospitali yao haina watu wa kutosha usiku. Daktari akikwambia hivyo anakwambia kweli, usimchukie. Tafuta pengine, au shika tarehe.

Umm Rayyan, Bamburi

Nami naunga mkono, dadangu. Hali yako ingekuwa yangu huenda hata mimi ningejaribu. Ukipata mtoto tuambie, nikuletee uji wa mzazi na bizari.

Mama Kongowea

Bi Mkunga nimekusikia kuhusu nyonyo. Mdogo wangu naye alipasuliwa na yuko wiki ya 36, nimempigia simu jioni hii.

Mamake Swabra, Mtongwe

Nimekaa na bwanangu jana baada ya isha, na mamangu tukamweka kwenye simu. Tumekubaliana hivi. Najaribu kawaida, Makadara, uchungu ukija wenyewe. Wiki ya 37 nahamia Majengo na Swabra. Nikifika 41 uchungu haujaja, nakubali kupasuliwa, na mpira wa katheta nitaukubali tu kama daktari mwenyewe yupo. Nikiwa leba wakiona moyo wa mtoto haupendezi, wasiniulize mara mbili, wanipeleke. Mamangu sharti lake ni moja, awe nje ya mlango wa leba siku hiyo. Mavyaa amesema atamshika Swabra.

Alhamisi naenda na karatasi ya zamani, na haya nitamuuliza daktari: usiku nani yuko thieta, nani atamsikiliza mtoto na kila baada ya muda gani, na damu ya aina yangu ipo au tuje na watu wetu. Mimi ni O hasi.

Mkunga Mstaafu, Tudor

O hasi! Hilo ungelisema mwanzo wa mazungumzo, mwanangu. Damu hiyo ni adimu, basi watu wa kutoa watafutwe kuanzia leo, si Alhamisi. Na uliza kama ulichomwa sindano ya anti-D baada ya Swabra, ile inayozuia mwili wa mama mwenye damu hasi kutengeneza kingamwili za kushambulia damu ya mtoto, na kama mimba hii umepimwa kingamwili hizo. Babake Swabra naye apimwe kundi lake kama hajui.

Hayo ya wiki ya 41 na ya dripu mwombe daktari ayaandike kwenye kitabu chako cha kliniki na atie sahihi. Utakayemkuta zamu siku hiyo huenda hakujui kabisa, atasoma kitabu.